Viti Visivyotoka Ndani

Siku mliponiaga pale karakana mlinipa saa ya ukutani, soda mbili, na agizo la kuandika kumbukumbu za kazi ili vijana wanaokuja wapate pa kuanzia. Saa nimeitundika. Nimepiga msumari ukutani kwangu, kati ya picha ya harusi na kalenda ya parokia, na sikumwomba mtu ruhusa. Kumbukumbu nazo ndizo hizi. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa vizuri hamtazikuta humu. Mtakuta makochi, mapazia, mikeka na hasira, na hasira ndiyo nyingi, kwa hiyo asiyependa kusoma maneno ya mwanamke aliyekasirika aishie hapa.

Wengi mnanijua kama Mama Jovita, fundi wa makochi na mapazia. Niliingia karakana ile ya mjini Ngara nikiwa msichana nisiyejua hata kushika nyundo. Aliyenipokea ni Mzee Sirili, fundi aliyetoka Burundi miaka mingi kabla ya hapo na kuweka makazi Mugoma. Jumamosi alilima migomba yake, siku nyingine zote alikuwa kazini kabla ya sisi wengine. Nilidhani siku ya kwanza atanifundisha kushona. Alinisukumia kiti kikuukuu cha mwalimu mmoja, akanipa koleo na bisibisi, akasema neno moja tu, "Fumua."

Nilifumua kutwa nzima. Nilitoa misumari iliyoota kutu, kitambaa, gunia, sufi iliyoshikana kama ugali uliolala, springi tatu zilizokatika, na chini kabisa rozari, kijiko cha chai na jino la mtoto. Kabla ya kufunga kazi Mzee Sirili aliniuliza mwenye kiti ni mtu wa namna gani. Nikajibu kwamba simjui. Akasema nisiseme uongo, kwa kuwa nimeshinda naye tangu asubuhi. Akanionyesha jinsi upande wa kulia ulivyobonyea kuliko wa kushoto, akasema huyu anakaa ameegemea kulia, huenda nyonga inamsumbua, basi tutamjazia zaidi upande huo na hatutamwambia. Mwalimu alipokuja kuchukua kiti alikaa, akainuka, akakaa tena. Hakujua tulichofanya, na Mzee Sirili hakumweleza.

Sindano ya kupinda nilianza kuishika mwezi wa pili. Vijana wa siku hizi mnaipuuza kwa sababu mna bunduki ya pini, na ndiyo maana makochi yenu yanaachia pembeni kabla mtoto wa mteja hajamaliza chekechea. Lakini hilo nimeshalisema sana mkiwa mnanisikiliza kwa shingo upande, silirudii.

Mwaka ule kambi ya Benaco ilipojaa wakimbizi wa Rwanda, tulipata kazi ya kupeleka meza na mabenchi kwenye zahanati za kambini. Tulipita katikati ya mahema ya plastiki yasiyo na mwisho. Katika hema moja mwanamke alikuwa ametandika kitambaa cha kudarizi juu ya boksi la msaada, na kwenye mti wa kushikilia hema alikuwa ametundika kikapu kimoja chenye mfuniko uliochongoka. Alikuwa amevuka nacho daraja la Rusumo. Mzee Sirili alivua kofia, akabisha hodi kwenye plastiki, akasubiri akaribishwe. Njiani nilimuuliza kwa nini amebisha hapo tu na si kwenye mahema mengine. Akasema yale mengine bado ni mahema, yule ameshatandika, ile ni nyumba. Nilikuwa nimefanya kazi miaka kadhaa kufikia siku hiyo, na nadhani hapo ndipo nilipoielewa.

Halafu ikaja enzi ya nyumba za michoro. Watoto wa Ngara na Biharamulo waliosoma na kupata kazi Dar na Mwanza walianza kurudi kujenga nyumbani, na hawakutaka tena nyumba ya mwashi anayechora kwa kijiti kwenye udongo. Walikuja na wasanifu majengo. Mtaniona nawasema vibaya wasanifu, basi nianze na mmoja mwema ili msiseme nina kijicho.

Huyo aliitwa Bi Rehema. Alichora nyumba Biharamulo kwa ajili ya mwalimu mstaafu na mume wake mzee, nyumba nzuri kweli, dari juu, vigae sakafuni, ukuta mpana mweupe unaopokea mwanga wa asubuhi. Baada ya mwezi wenye nyumba wakahamia jikoni. Bi Rehema alitupigia simu akasema, "Nimekosea kitu na sijui ni nini." Nilikwenda, nikasimama katikati ya sebule, nikapiga kofi moja. Kofi likanirudia kutoka kila kona. Mzee yule masikio yalikuwa yameanza kuchoka, na katika sebule ile kila neno la mkewe lilimfikia limegawanyika vipande, basi akaacha kujibu, na mkewe akaacha kusema.

Tulitandika zulia. Tulitundika mapazia mazito yenye bitana, yanayogusa sakafu. Kwenye ule ukuta mpana tuliweka mikeka miwili mikubwa iliyosukwa na akina mama wa Benaco, yenye michirizi myeusi, na chini yake rafu ya mbao yenye vitabu vya mwalimu na vikapu vyake vya harusi. Makochi tulivika kitambaa, si ngozi. Nilipopiga kofi tena, likafa palepale. Mzee alikaa kwenye kiti chake kipya, akasikiliza kwa muda, kisha akamwambia mkewe, "Kumbe siku hizi unakoroma hata ukiwa macho." Walicheka mpaka mwalimu akafuta machozi. Mnaodhani mapambo ni mambo ya kujionyesha kwa wageni, nendeni Biharamulo mkapige kofi katika sebule ile.

Sasa nije Nyamiaga, ambako ndiko nilikokuwa nakwenda tangu nilipoanza kuandika.

Deogratias, mtoto wa Mama Felisita, anafanya kazi Dar. Baba yake alishafariki. Aliamua kumjengea mama nyumba Nyamiaga, mbele ya nyumba ya zamani, na nyumba ya zamani ikishabomolewa pawe bustani. Ni mtoto mwema, na msije mkanisoma vibaya hapo mbele. Siku tuliyokutana kwenye kiwanja, mama alikuwa anamenya ndizi kwenye ngazi ya nyumba ya zamani, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba na kuniuliza kama nimekula kabla hajauliza mimi ni nani.

Msanifu alikuwa kijana aitwaye Erick. Watu wa Nyamiaga walimwita injinia, naye kila mara aliwasahihisha. Alikuwa na sheria zake, na alinisomea mbele ya mafundi wote. Hakuna msumari ukutani. Hakuna vitambaa vya kufuma juu ya kiti wala juu ya runinga. Hakuna kabati la vyombo. Pambo ni moja tu, kikapu kimoja, ndani ya kishimo ukutani chenye taa yake. Picha za familia zingeingia kwenye droo. Ile ya marehemu, ambayo ilikuwa imetundikwa juu karibu na dari na kuinamia mbele kama wazee wetu wanavyopenda ili marehemu awaone walioketi, nayo ilikuwa ya droo. Kitambaa alichochagua kwanza kilikuwa cheupe. Nikamwomba asubiri hadi Agosti aone vumbi jekundu la Ngara, na alipoliona akakubali kijivu. Huo ndio ushindi wangu pekee katika nyumba ile.

Lakini jambo kubwa halikuwa vitambaa. Erick alikuwa amejenga viti pamoja na nyumba. Mabenchi ya zege yalizunguka sebule nzima, yameota kutoka ukutani, na katikati palikuwa na meza ya jiwe iliyosimikwa sakafuni, ndefu kuliko kitanda. Kazi yangu ilikuwa kushona mito tu. Alinieleza kwa furaha kwamba kwa namna hii samani na nyumba ni kitu kimoja, hakuna wa kuja kuharibu mpangilio. Nikapima mito yangu, nikaandika.

Siku padre alipokuja kubariki nyumba, Mama Felisita alitembezwa chumba kwa chumba. Alisifu maji ya bombani. Alisifu madirisha. Sebuleni alisimama muda mrefu, akaweka mkono kwenye benchi, akalisukuma kidogo kama anayejaribu uzito wake. Kisha akauliza kwa upole, "Na viti hivi mnavitoaje nje?" Watu wakacheka. Erick akamweleza kwamba havitoki, mama, ndiyo uzuri wake. Mama akaitikia kwa kichwa. Usiku huo akalala nyumba ya zamani, na kesho yake vilevile, na wiki nzima.

Deo aliponipigia kutoka Dar aliomba jambo moja, nimshawishi mama ahamie, kwa kuwa mafundi wa kubomoa walishapangiwa siku. Alidhani mama ananung'unikia vitambaa vyake, na alishaelewana na Erick kwamba viwili vinaweza kuruhusiwa. Viwili. Mwanamke aliyefuma vitambaa tangu akiwa mwari, nyumbani kwa mwanawe aruhusiwe viwili.

Nilikwenda Nyamiaga nikiwa na vitambaa hivyo mkobani. Mama Felisita hakuvitazama. Alichukua mkeka wake mkubwa uliosimama nyuma ya mlango, akaniambia twende. Katika sebule mpya alijaribu kuutandika kati ya benchi na meza ya jiwe. Haukuenea. Ukingo mmoja ulipanda benchi, mwingine ukapanda meza, na katikati ukabaki umejikunja. Akazunguka upande wa pili, ikawa hivyohivyo. Akaukunja taratibu.

"Baba Deo alipokufa," akasema, "tulitoa kila kitu nje. Makochi, meza, hata redio. Tukamlaza pale chini katikati, mimi nikakaa kwenye mkeka huu, nimemshika miguu, dada zangu huku, mashemeji huku. Siku mbili. Sasa hapa mimi watanilaza wapi? Na dada yangu Sesilia akae wapi?"

Nilitazama mabenchi yale ambayo nilikuwa nimeyapima kwa futi mara tatu, upande hadi upande, na kuyaandika kwa sentimita, nikaona aibu. Nimekaa kwenye misiba ya wilaya hii maisha yangu yote. Kila msiba nimesaidia kutoa makochi, mengine niliyoyashona mwenyewe, nikayaona yamepangwa chini ya migomba yakisubiri watu wamalize kulia. Mzee Sirili kila alipotengeneza kochi alilipitisha mlangoni kwetu kwanza, watu wawili, bila kulivua miguu, na lisipopita alilipunguza. Mimi nilikuwa najua. Erick alitoka mbali, tuseme hakujua, ingawa mtu anayechora nyumba ya mama wa mwenzie angeweza kuuliza. Mimi nilijua, na nilikuwa nahesabu mito.

Nikamwambia mama amweleze Deo. Alinitazama kama niliyesema neno la kipumbavu. Mtoto amemjengea nyumba, yeye amwambie haina mahali pa maiti yake? Deo angeona mama anaikataa, au anajitabiria. Mzazi hasemi maneno hayo kwa mtoto wake aliyetoka kumjengea. "Mwambie wewe," akasema. "Wewe ni fundi. Utasema ni mambo ya vipimo."

Nikamwahidi. Nikamwambia, "Mama, ingia tu, hii meza itatolewa na haya mabenchi tutayakata, nitakuletea makochi yanayobebeka." Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Siku tatu baadaye akahamia, na wiki iliyofuata nyumba ya zamani ikaangushwa.

Hapa inabidi niwaeleze utaratibu wa karakana, ambao bado mnaufuata na ndio unaonifanya niandike kwa hasira. Fundi anaongea na msanifu, msanifu anaongea na mwenye nyumba. Ulianza baada ya fundi mmoja kumweleza mwenye nyumba kasoro za mchoro na kazi yote ikaondoka mikononi mwetu. Tangu hapo tukafungwa midomo, na tukauita heshima. Basi nikamwambia Erick. Nilimweleza wazi, msiba, mkeka, jeneza, kila kitu. Alisikiliza hadi mwisho, hilo nampa haki yake. Akasema, "Mama bado yupo mzima, tunamjengea nyumba ya kuishi, si ya kufia." Halafu akasema atamfikishia Deo. Baada ya mwezi nilimuuliza. Akasema Deo anajua. Baada ya miezi miwili nilimuuliza tena, akaniambia yupo kwenye kazi nyingine na jambo lile limeshafika. Nikaona nimetimiza wajibu wangu. Nilikwenda kumwona mama mara mbili, mara zote akinipa chai na kuniuliza lini, nami nikijibu bado kidogo.

Nyumba nayo, nisiwe mwongo, alianza kuipamba kwa siri. Vitambaa viwili vikawa tisa. Picha ya marehemu ilitoka kwenye droo ikaegemezwa kwenye kishimo cha kikapu, chini ya ile taa ya Erick, na kikapu chenyewe kikatiwa mayai. Niliona sebule ile baridi inaanza kuwa ya mtu. Kila kitu chake kilichoingia kiliongeza uzima, na kila kimoja kilikuwa kinavunja sheria. Mchoro ungeweza kuwa mzuri sana kama ungemwachia mama nafasi ya kutandika.

Alifariki wakati wa masika, kwa homa ya siku nne.

Nilifika Nyamiaga mchana. Wanaume walikuwa chini ya turubai nje. Ndani jeneza lilikuwa juu ya meza ya jiwe, kwa kuwa hapakuwa na pengine, limeinuliwa mpaka usawa wa vifua vya watu. Wanawake walikaa kwenye mabenchi ya zege, migongo ukutani, kila mmoja mbali na mwenzake na mbali na marehemu. Walikuwa wameitoa mito yangu ya kijivu na kuirundika jikoni, maana hakuna anayekaa kwenye mto msibani. Sesilia, yule mdogo wa marehemu, aliingia akiwa na mkeka. Alijaribu upande huu, akajaribu upande ule. Mwishowe akausimamisha kwenye kona, akaenda kukaa kwenye benchi kama mgonjwa anayesubiri kuitwa dirishani, mikono mapajani, na miguu ya dada yake asingeweza kuifikia hata angesimama na kunyoosha mkono.

Nilitaka kumtafuta Erick nimrarue. Aliyekuja mbele yangu ni Deo. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinishika mkono akanishukuru kwa kuja, kisha akaitazama meza ile.

"Mama Jovita," akasema, "mama alikuwa ananiambia kwamba ulimwahidi jambo, na kwamba anasubiri. Nilimuuliza Erick ni jambo gani, akaniambia ni vitambaa vya makochi. Nikatuma vingine kutoka Dar."

Nikamweleza, palepale, mbele ya mama yake. Ilichukua dakika moja, pengine haikufika. Alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa lile jiwe, na nilipomaliza aliuliza swali moja tu, kwa nini sikumpigia. Nilifungua mdomo nikaanza kueleza utaratibu wa karakana, nikashindwa kuumaliza. Namba yake ilikuwa kwenye daftari langu la vipimo, ukurasa mmoja na mabenchi yale, na ni yeye aliyeniandikia kwa mkono wake, akaniambia nimpigie kwa lolote linalomhusu mama.